Kiti Asichokalia Mwanaume

Simu ya kuniambia kwamba Mama Udahayda wa Basotu amefariki ilinikuta karakanani kwangu Babati, nimeinamia kiti cha basi, na kitu cha kwanza nilichofanya, Mungu anisamehe, ni kunusa viganja vyangu. Vilinuka gundi na sponji, kama vinavyonuka kila siku. Sijui nilitegemea nini. Samli ya mama yule ilishatoka mikononi mwangu zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na sabuni nyingi imepita hapo katikati. Mimi si mtu wa kulia haraka, watoto wangu husema nina macho makavu, lakini siku ile niliweka mkasi chini, nikawaambia mafundi wangu wafunge kazi, nikakaa kwenye kile kiti cha basi kisichokamilika nikalia mpaka kamasi. Nililia msiba na nililia aibu. Nilimwahidi mama yule kwamba nitarudi kumwona, na kila mwaka nikasema mwakani.

Watu wakiniuliza kazi ya viti nilijifunzia wapi, huwa najibu: kwa Fundi Lohay, Mbulu mjini. Ni jibu la nusu. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepanga chumba Endagikot, na kila asubuhi nilishuka mjini kwa miguu ukungu haujaondoka, makande ya jana kwenye bakuli lenye mfuniko, nimeyakumbatia yanipashe joto ingawa yenyewe yalikuwa baridi. Cherehani yangu ilikaa kibarazani mwa gereji. Nilishona viti vya malori vilivyopasuka, nilitia viraka, nilibadilisha sponji iliyoliwa na panya. Pale kila mtu alikuwa fundi. Anayechomelea, fundi. Anayeziba pancha, fundi. Hata mlinzi, baada ya kushika spana siku mbili, alikuwa fundi. Mimi nilikuwa "yule dada wa viti." Mteja anaingia, ananikuta nimepakata kiti cha gari lake mwenyewe, sindano mkononi, ananiuliza, "Dada, fundi yupo?" Nasema yupo, nageuza uso. Jamani, nililitaka neno lile! Nililitaka kuliko viatu, na viatu vyangu vilikuwa vimetoboka.

Gari liliingia Mbulu mwanzo wa kiangazi likivutwa na trekta. Lilitoka Basotu, likapita Maretadu, na huko, tuliambiwa, watu waliacha maharage yao shambani wakaja kusimama barabarani kulitazama. Siwalaumu. Mimi mwenyewe niliacha uzi ukining'inia kwenye cherehani. Lilikuwa gari la Kimarekani la zamani, milango miwili tu, boneti pana kama kitanda cha watu wawili, usukani upande wa kushoto, nyuma limeinama kama linajiandaa kuruka. Mzungu mmoja, mtaalamu wa mashamba ya ngano, alilileta kwa meli kwa kulipenda tu, wenzake wakamcheka, na alipoondoka akamwachia rafiki yake Mzee Gidamis, mfugaji wa Kibarbaig aliyekuwa akimpelekea maziwa. Miaka mingi lilikaa bomani kati ya ng'ombe, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mzee mwenyewe alishuka kwenye trekta, mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, akapokea shikamoo zetu zote kwa marahaba moja, kisha akaligusa gari kwa fimbo.

"Huyu anaumwa," alisema. "Mnaweza?"

Fundi Lohay aliinua boneti, akanyamaza. Huyo Lohay alikuwa mtu wa maneno, akila anaongea, akilala chini ya lori anaongea, lakini siku ile alivua kofia. Ndani mlikuwa na injini ya pistoni nane, imejaa vumbi na majani makavu, kubwa kuliko injini yoyote ya gari dogo niliyowahi kuona. "Mzee," alisema mwishowe, "hili si gari. Hili ni fahali." Mzee Gidamis akacheka, na kuanzia hapo wakawa marafiki wa kugombana kila siku.

Lohay ndiye aliyejua habari za maonyesho ya magari Arusha. Wauza vipuri walikuja huko, wauza matairi, wauza rangi, na kulikuwa na uwanja maalumu wa magari ya zamani yaliyotengenezwa upya, mengine yakitoka mpaka Nairobi. Tangazo liliyaita "magari ya kale yenye misuli," na neno hilo tulibishania wiki nzima. "Misuli ni nyama," alisema Mzee Gidamis. "Gari lina nyama wapi?" Lohay akamwambia ni nguvu, mzee, lionekane lina nguvu hata likiwa limesimama. "Ah. Kama dume." "Ehe, kama dume!" Basi mzee akaenda zake Basotu, akarudi na kiberiti kilichojaa nywele za mkia wa fahali wake, nyekundu zilizoiva hadi kukaribia weusi, akasema gari lipakwe rangi hiyo. Lohay alichanganya rangi mara tano. Kila mara mzee aliweka nywele juu ya bati, akatikisa kichwa. "Huyo ni ng'ombe wa jirani." Mara ya sita alilipapasa tu bati kwa kiganja, na Lohay akakaa chini akafuta jasho.

Siku injini ilipowaka naikumbuka kama jana. Niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Bati la gereji lilitetemeka, glasi ya chai ya Lohay ikatembea yenyewe mezani mpaka ikaanguka, na kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi kanisani ng'ambo ya barabara ikanyamaza katikati ya wimbo. Nilisimama pale mikono kichwani. Sikujua kwamba binadamu anaweza kutengeneza kitu chenye sauti ile. Lohay alizima, akanigeukia na uso wenye grisi mpaka kwenye nyusi, akasema mbele ya watu wote, "Bado viti. Paulina, tukishinda Arusha, kibao cha gereji nakipaka upya. Fundi Lohay na Fundi Paulina." Nilirudi Endagikot naimba peke yangu njiani, na nilipofika nikagundua bakuli langu la makande nimelisahau kwa Lohay.

Nilidhani nitashona reksini. Mzee Gidamis aliikunja kidogo, akainusa, akanirudishia. "Ng'ombe wangu wapo, mimi nikalie plastiki?" Ndipo nikapelekwa Basotu kwa mke wake, Mama Udahayda, ambaye kila mtu huko alijua mikono yake. Alikuwa mama mdogo, mkavu, bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, amevaa hanang'wend, ile sketi ya ngozi yenye nyuzi nyingi na shanga ambayo mwanamke wa Kibarbaig huipata akiolewa. Akitembea, sketi haikutoa sauti hata kidogo, na mimi mshonaji nilimfuata nyuma kama mjinga, natazama tu. Nilimwamkia, akaitikia, akashika vidole vyangu kimoja kimoja kama anayenunua mahindi. "Mmbulu," alisema, "laini mno." Sikujua anasema mimi au vidole.

Nilikaa kwake miezi miwili. Nililala chumba cha mbele karibu na ndama, nikinywa maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, ugali mgumu pembeni. Upepo ukitoka ziwani na harufu ya samaki wa watu waliokuwa wakikaanga kule, mama alifunika pua kwa shuka na kunitazama kana kwamba nimewaalika mimi. Kupitia ukuta wa fito nilisikia wazee wakizungumza kwa lugha yao, na neno pekee nililolielewa lilikuwa "Mbulu," yaani mimi, likifuatwa na kicheko. Mchana tulifanya kazi. Ngozi iliwambwa chini kwa vigingi, ikakwanguliwa, ikapakwa samli, ikakunjwa, ikakanyagwa, ikafunguliwa, ikapakwa tena, siku baada ya siku, mpaka mikono yangu ikawa inanuka samli hata nikiota. Mama hakuipima kwa macho. Aliikunja karibu na sikio lake. Ikitoa mlio mdogo, kwii, aliitupa mapajani mwangu. "Inalia. Bado." Nikaikanyaga tena. Ngozi iliyoiva, alinifundisha, haisemi kitu ukiikalia. Kwa miaka yote hii sijaona mashine ya kunishangaza kama sikio la mama yule.

Zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya maonyesho, Lohay akaleta gari Basotu ili nivike viti palepale. Asubuhi hiyohiyo mama akaitwa kwa jirani, mwanamke ana uchungu wa kuzaa. Ndani kulikuwa na mafurushi mawili ya ngozi yametundikwa, moja kila upande. Mama alisema akiwa mlangoni, haraka haraka, "Ukianza kukata, chukua ya kushoto. Ya kulia uiache." Nikasema sawa mama. Niliingia, nikachukua ya kushoto kwangu. Ilikuwa laini ajabu, nyembamba, nyuzi zimeshachanwa ukingoni, na nikamshukuru moyoni kwamba amenirahisishia kazi. Nilikata kiti cha dereva. Sikujua, na ningejuaje, kwamba katika nyumba ile kulia na kushoto kulihesabiwa ukiwa umekaa ndani unatazama mlango. Kushoto kwangu niliyeingia kulikuwa kulia kwake.

Mama alirudi jioni amechoka, mtoto amezaliwa salama. Aliona kiti kimevikwa. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale uani, bangili zikagongana mara moja, basi. Kwa siku mbili hakunisemesha, ingawa kila asubuhi kibuyu cha maziwa kiliwekwa mbele yangu kama kawaida, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Mzee Gidamis ndiye aliyenieleza. Ngozi ile ilikuwa ya mtamba, mama aliiandaa kwa ajili ya hanang'wend ya binti yake wa pekee. Binti akaolewa mjini kwa harusi ya kanisani, gauni jeupe, akatuma salamu: mama nisamehe, sitaivaa. Mama hakubishana. Aliitundika, akaendelea kuipaka samli mwaka hadi mwaka. Na mimi nimeikata, nimeifanya kiti cha gari. Nilitamani kukimbia mpaka Mbulu kwa miguu. Siku ya tatu aliniita.

"Wewe Mmbulu. Hii ni ngozi ya mwanamke. Mwanaume hakai hapa."

"Nitaifumua, mama. Nisamehe."

"Ukiifumua itakuwa nini? Imeshakatwa." Alilipapasa lile shono langu, akalifuata kwa kidole mpaka mwisho. "Iache. Wewe uliyeikata ndiwe utakayekaa."

"Mama, hicho ni kiti cha dereva. Mimi sijui kuendesha gari."

"Hata kulainisha ngozi hukujua."

Lohay aliposikia alishika kichwa. Alisema ametengeneza injini, amepaka rangi mara sita, halafu dereva awe mtu ambaye hajawahi hata kuendesha baiskeli! "Kushoto kumekuponza," aliniambia, "na usukani nao uko kushoto." Lakini Mzee Gidamis alikuwa ameshafunga mjadala: mama akisema, amesema, la sivyo gari linarudi kwa kuku. Basi nikajifunzia kwenye mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, tambarare mpaka macho yanachoka, Mlima Hanang umekaa kule mwisho. Lohay alikaa kulia anapiga kelele, "Klachi! Klachi, wewe! Ah, umeniua!" Mzee alikaa nyuma, fimbo kati ya magoti, kimya kama yuko kanisani. Mguu wangu ulipozoea, nikakanyaga mafuta mara moja, na gari likaondoka. Mabua ya ngano yalikuwa mstari mmoja wa njano, upepo ulinitoa kilemba, na nguvu ile yote ilikuwa chini ya kisigino changu, ikinisubiri niseme. Nilipiga kelele za furaha bila haya, na nyuma yangu nikasikia mzee naye anapiga mluzi ule wa kuitia ng'ombe.

Tuliingia Arusha gari likiwa na kadibodi yenye herufi L nyekundu nyuma. Watu walicheka, wacheke. Mimi nilikuwa nimeshapoteza akili. Uwanja mzima ulimetameta! Kulikuwa na gari la manjano ambalo injini yake ilichomoza juu ya boneti. Kulikuwa na la bluu yenye kina mpaka nilitaka kutumbukiza mkono nione unafika wapi. Jamaa mmoja aliweka kioo kikubwa chini ya gari lake la kijani, na ukiinama unaona tumbo lake lote limeng'arishwa, kila bomba, kila nati, mahali ambapo hakuna mtu angetazama. Mbele ya kioo kile nilisimama mpaka miguu ikauma. Kumbe kuna watu wanaofanya kazi ya kufichwa kwa heshima ile! Nilijiona mshonaji, nikawaza mishono yangu ya ndani isiyoonekana. Nilitaka kuwa mmoja wao. Nililitaka jina langu kwenye kile kibao.

Jaji alifika kwetu baada ya chakula cha mchana, mzee mpole wa suti ya kaki, kalamu na karatasi mkononi. Alizunguka gari, akapenda rangi, akapenda injini, akaingiza kichwa ndani na kuvuta pumzi. "Linanuka maziwa," alisema, na akatabasamu. Kisha akafungua mlango wangu. Kanuni yao ilikuwa kwamba jaji lazima akae kiti cha dereva, awashe mwenyewe, asikilize kutoka ndani, ndipo atoe alama. "Binti, shuka kidogo nikae."

Lohay aliniinamia sikioni. "Paulina, muache akae. Basotu ni mbali. Nani atamwambia?"

Nilimtazama Mzee Gidamis. Alikuwa anautazama Mlima Meru kama hakuna kinachoendelea, na nikaelewa kwamba ameniachia. Niliona kibao, naapa, nilikiona, na herufi zote za jina langu. Nikasema, "Samahani mzee. Hapo hakai mwanaume."

Watu waliozunguka waliangua kicheko. Jaji hakucheka. Alinieleza taratibu, kama baba, kwamba asipokaa hana alama ya kunipa. Nikasema najua. Alifunga kalamu. "Basi niwashie tu," alisema, akazunguka akakaa upande wa abiria. Niliwasha. Kicheko chote kilizimika, na watu wa uwanja wa matairi wakaja mbio. Jaji alikaa macho yamefumba, kiganja kwenye ngozi, akijisogeza huku na huku kama anayetafuta mlio. Nilipozima aliuliza, "Nani ameshona?" Alimwuliza Lohay, hakuniuliza mimi. Lohay alikuwa na hasira, akampa mgongo. Ulimi wangu ulikuwa na neno "mimi," lakini likakwama. "Mama mmoja wa Basotu," nikasema, na huo nao ulikuwa ukweli.

Hatukupata kitu. Lohay hakuongea mpaka Magugu, na kwa mtu kama yeye hiyo ni safari ndefu. Kibao hakikupakwa upya. Tulipofika Basotu Mzee Gidamis alimsimulia mkewe yote kwa lugha yao, mlango, kicheko, jaji, na mimi nikisubiri uani nimeinamisha kichwa. Mama alitoka na kibuyu, akaniwekea maziwa. "Kesho uamke mapema," alisema. "Kuna ngozi nyingine." Nilikaa naye mpaka mvua zilipoanza, nikajifunza kila alichoweza kunifundisha, kisha nikaenda Babati kutafuta maisha. Na hapo ndipo nilipoanza kusema mwakani.

Msibani niliketi na kina mama, nikala ugali wa msiba, nikasikiliza wakibishana polepole kuhusu nani alikuwa mkubwa kwa umri, Mama Udahayda au shangazi yake. Baadaye mwanawe wa kwanza wa kiume, sasa ana mvi nyingi kuliko mimi, akaniambia, "Dada, njoo." Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye banda la bati. Gari lilikuwa pale. Rangi ya fahali imepauka, matairi yamelala, kiti cha nyuma kimerudi kwa kuku. Kiti cha dereva kiling'aa.

"Tukitaka kulihamisha tunasukuma," alisema. "Mmoja anashika usukani kupitia dirishani. Hata mzee wetu, mpaka anakufa, alikuwa anakaa nyuma. Mama alikuwa anasimama pale anatuangalia. Mvua zikiisha anakuja na samli, anapaka kiti kimoja tu hicho."

"Hakusema kwa nini?"

"Tulimwuliza ni cha nani. Akasema, cha fundi. Tukamwita Fundi Lohay kutoka Mbulu, akaja na fimbo yake ya uzee. Akafungua mlango, akatazama ule mshono, akafunga. Akasema fundi si yeye."

Nilivua viatu, sijui kwa nini, nikafungua mlango. Nilikaa taratibu, kama mtu anayekalia kitu cha wenyewe. Nikajisogeza kulia, nikajisogeza kushoto, nikatega sikio. Ngozi haikulia.